Waliofaulu Walipanda Boti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ofisa Elimu wetu Ndugu Nehemia, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mzee Abdulmajid, walimu wenzangu, wazazi mliokuja kwa boti kutoka Mwamgongo na ninyi mlioteremka milimani kwa miguu, nanyi wahitimu wa kidato cha nne: Asalaam aleikumu. Tumsifu Yesu Kristo. Mwakeye!

Mmeitikia vizuri. Nitaikumbuka sauti hiyo, maana leo nastaafu.

Mimi Skolastika na marehemu mume wangu, Mwalimu Wilfred, tulipoteremka kutoka Kalinzi kuja kufundisha hapa, shule hii ilikuwa inashika mkia. Wakubwa walisema watoto wa ziwani ni wazito wa kichwa. Uzito gani? Giza la mwezi likiingia, wavulana walikesha ziwani wakivua dagaa, na wasichana walishinda mchangani wakianika. Mtoto aliyekesha mtumbwini utamfundisha nini asubuhi? Tukaamua masomo magumu na mitihani ya majaribio visubiri mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika. Mkaguzi mmoja akanicheka: "Mwalimu, wewe unafuata kalenda ya wizara au ya mwezi?" Nikamjibu, "Mzee, dagaa hawajapata waraka wa wizara."

Mzee Abdulmajid, mwenye mitumbwi mingi kuliko subira, ni wewe uliyesimama pale mwaloni ukasema, "Binti wa kidato cha nne haaniki dagaa wangu mpaka amalize mtihani." Wenzako walinuna. Leo wasichana darasani ni wengi kuliko wavulana, na shule yetu inatajwa kwa heshima. Mzee, shikamoo.

Basi, tumefaulu. Lakini niulize: waliofaulu wako wapi? Nasma yuko Dodoma, Faridi yuko Mwanza, na Lulu, mwanangu wa kumzaa, yuko Dar es Salaam. Kadiri tulivyofundisha vizuri, ndivyo tulivyozidi kuaga watu pale ufukweni. Mume wangu alipofariki, waliofaulu walinipigia simu wakalia sana, na ninawashukuru. Waliofeli ndio waliochimba kaburi. Hata sasa, jioni, ni wao wanaonipigia hodi kuniuliza kama nimekula.

Wahitimu, msinielewe vibaya. Atakayefeli kwa kunihurumia nitamfuata na fimbo, kustaafu au kutostaafu. Someni, pandeni boti. Ila mjue kwamba mwalimu wenu ni mpweke. Nayasema haya hadharani kwa sababu nikiyasema nyumbani hakuna wa kunijibu.

Ndugu Nehemia, sasa naongea na wewe. Ulikuwa mwanafunzi wangu wa kwanza kupata daraja la kwanza, na tulicheza ngoma hapa uwanjani mpaka vumbi likatufunika. Tangu upate cheo hujakosa hata mahafali moja. Nani mwingine ningeweza kumsifu hivyo? Lakini kila mara umeondoka kabla chakula hakijapakuliwa, kwa kuhofia upepo wa mchana. Hata leo nimekuona unatazama saa wakati naongea, kama ulivyokuwa ukifanya kwenye kipindi cha hesabu.

Najua nahodha anakungoja. Na mimi nimekungoja. Samaki umpendaye, mgebuka wa mawese, yuko jikoni kwangu, na boti ya kesho ipo.

Ninyi nyote, asanteni kwa kunitegea sikio kwa mara ya mwisho. Nehemia, mwanangu, nimeweka sahani mbili.