Mama Kurasa Anavua Joho

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, kumi na sita kati ya hiyo katika Mahakama Kuu, Mheshimiwa Jaji Mfawidhi wetu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Mawakili waliozoea kuja na majalada wasiyoyasoma wameanza kupumua.

Alianza kama hakimu katika mahakama ndogo yenye paa linalovuja, akiandika mwenendo wa kesi kwa mkono huku ndoo ikikinga maji pembeni ya meza. Siku yake ya kwanza mzee mmoja alimkabidhi barua aichape. Akamwelekeza kwa mpiga chapa bila kununa. Nusu saa baadaye mzee huyo akamkuta kitini, akakosa pa kuuweka uso.

Jina la Mama Kurasa alibandikwa na mawakili, maana husoma jalada kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, risiti na bahasha zikiwamo. Mumewe, mwalimu wa hesabu, anadai kwamba hata watoto wao walipoomba ruhusa ya kwenda matembezini walitakiwa kutoa sababu tatu, na ombi la kitinda mimba liliwahi kuahirishwa mara mbili. Hapa kazini, mrundikano wa kesi za miaka kumi aliumaliza kwa miwili.

Lakini tukiambiwa tumkumbuke kwa siku moja tu, itakuwa ile ya fundi cherehani.

Mama huyo, mjane, alikuwa ameamriwa na mahakama ya chini amwachie shemeji yake nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe. Akakata rufaa. Siku ya mwisho ya kuiwasilisha ilikuwa Ijumaa, lakini muhuri wa mapokezi ulionyesha Jumatatu. Mheshimiwa akaitupa rufaa kwa kuchelewa. Fundi akasimama, akasema kwamba Jumatatu hiyo alikuwa anamzika dada yake. Hizo karatasi angezileta saa ngapi?

Mheshimiwa aliahirisha shughuli, akateremka masjala mwenyewe na joho lake, akafungua rejesta. Rufaa ilikuwa imeandikwa Ijumaa, saa tisa alasiri. Kumbe karani mmoja alikuwa na mazoea ya kuzungusha tarehe ya muhuri Ijumaa mchana, ili Jumatatu aianze kiulaini.

Kabla ya saa sita alikuwa amerudi kitini. Akatamka mbele ya watu wote kwamba mahakama imekosea, akaifuta amri yake mwenyewe. Wakili wa shemeji akataka mtumishi aliyehusika atajwe na awajibishwe. Mheshimiwa akajibu kuwa amri ile ina sahihi moja tu, na sahihi hiyo ni yake. Rufaa ikasikilizwa, na fundi yule anashona katika nyumba ile ile mpaka leo.

Karani aliitwa ofisini kwa Mheshimiwa, akijua kibarua kimeota nyasi. Hakupewa barua. Alipewa jalada la fundi, akaambiwa aketi alisome lote, kisha arudi kazini. Tangu hapo muhuri huzungushwa asubuhi, mbele ya watu wawili. Kuhusu karani alikuwa nani, kantini imebashiri miaka kumi na mmoja bila mafanikio. Hata dereva ameshukiwa.

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kutufundisha kwamba nyuma ya kila karatasi kuna mtu anayesubiri. Pumzika, ulee wajukuu, usome vitabu visivyo na namba ya kesi.

Nami, Msajili Msaidizi wako, nina deni la ukweli. Siku ile ungeweza kunitaja, na hukunitaja hata mara moja baadaye. Wiki iliyopita nilikwenda kwa fundi, nikamwomba radhi. Akaizima cherehani yake, akanisikiliza hadi mwisho. Leo najitaja mbele ya wote: karani yule ni mimi. Uwe na maisha marefu yenye heri, mama yetu.