Wifi Ikae Chumba Gani?

Kibao tunachokalia hapa Songo kilikuwa mlango wa mbele wa nyumba ya Azarias. Alipoanza kuikarabati aliung'oa, nasi tukaulaza juu ya matofali ng'ambo ya njia, mbele ya mbabula, jiko la makaa, la Ornella anayeuza kahawa ya tangawizi. Tundu la kufuli bado lipo, na mzee Ciza, tunayemwita Prefe kwa sababu alitawala nidhamu shuleni miaka mingi, huchomeka kijiko chake humo. Jioni moja Azarias alikuja na kipande cha mfuko wa saruji alichochorea ramani ya nyumba. Fundi wake, Niyongabo, alikuwa amemwambia kwamba kesho asubuhi anapiga krepi, plasta ya kuta. Kuta zikishafungwa, hakuna tena kupitisha waya. Mwenye kujua kitu aseme sasa. Shida ni kwamba kwenye kibao chetu kila mtu anajua.

— Minye nataka mambo mbili, alisema Azarias. Ya kwanza, kabo, waya ya enternet, ipite mu tiyo ya plastiki, ndani ya ukuta, mpaka ku meza ya Amandine. Muke wangu anafanyiaka kazi mu nyumba, na mikutano yake inakatikaka sana. Ya pili, wifi ya mama.

Hilo la pili ndilo lililomleta, tulijua sote. Mama yake, Nyirabahizi, alishuka kutoka milimani na kupewa chumba cha mbele, chenye kuta nene za mawe. Humo simu haishiki mtandao, haipati rezo. Kwa hiyo kila jioni huvuka njia, huketi pamoja nasi, na kumpigia binti yake Uwamahirwe aliyeko Kanada, uso kwa uso. Tunampisha nafasi. Prefe anazima redio. Tunatazama njia kana kwamba hatusikii, ingawa sote tunajua jino gani la mjukuu limeng'oka. Lakini mvua iliyopita, njia iligeuka mto, na ubatizo wa mjukuu huyo ukapita mama akiwa amesimama mlangoni na simu isiyoshika. Mvua nyingine inakaribia. Magoti yake hayakaribii kupona.

— Iko rahisi, alisema Candide, mwendesha pikipiki tunayemwita Satelite. Kisanduku cha wifi ukiweke juu ya tanki ya maji. Wave, ile mawimbi ya rezo, inapenda maji. Weye huoni simu inashika rezo ya Burundi kila mangaribi? Inavuka ziwa, inafika hapa imepumzika.

— Inafika imelowa, alisema fundi Niyongabo, aliyeketi kando yake. Njo maana picha inagandaka.

— Acheni, alisema Prefe. Wave iko kama mwanafunzi. Ukuta haipiti, inapita ku mlango. Weye Azarias acha milango yote wazi, basi.

— Na wezi, mzee Prefe? aliuliza Azarias.

— Wezi nao watapata rezo. Watakaa chini, wataangalia mpira.

Ornella alicheka mpaka akamwaga kahawa.

— Bon, sikieni ya mwisho, alisema Satelite. Unatoboa plafo, hii dari ya juu, kisanduku kinaangalia mulima. Wave inagonga mulima, inarudi na nguvu mara mbili, inaingia kwa mama kupitia dirisha.

— Na ikirudi na mawe? aliuliza Niyongabo.

Azarias hakucheka. Alikuwa akifuatisha kwa kidole mistari ya penseli.

— Minye nimeishaona pa kuweka, alisema. Chumba yetu ya kulala, minye na Amandine. Betri ya solar iko mule, mlango iko na kufuli. Kabo inatoka mule inaenda ku meza yake. Na kama wifi inashindwa kufika kwa mama, mama atakuja kuongelea pale pale. Anakaa ku kitanda, vizuri, hakuna mvua.

Tulisifu sana. Prefe alisema huo ndio mpango wa mtu aliyesoma. Niyongabo alisema mfereji wa tiyo tayari ameuchimba upande huo. Hata mimi niliona hakuna kasoro. Tulikuwa tumezama ndani ya waya, na aliyezama haoni kando.

Kwenye ncha ya kibao aliketi mwanamke aliyeletwa na pikipiki ya Satelite kutoka Kiringye. Jina lake Ninahazwe. Alikuwa akimngojea dada yake, na kikombe chake kilikuwa karibu kwisha.

— Munisamehe, bapapa, alisema. Kwenu, mama anaingiaka mu chumba mutoto wake analalaka na muke wake?

Redio ilisema kitu kuhusu bei ya samaki. Azarias aliitazama karatasi yake kama mtu aliyechora nyumba ya jirani. Kwa mila yao mama hakanyagi chumba hicho. Hata nyumba ikiungua, angeita kutoka nje. Nilimwona akilini mwangu: amesimama kizingitini, mkono mmoja ukutani, simu ameinyoosha mbele ili ishike, akimwambia binti yake kwamba hajambo.

— Angesimama tu, alisema Azarias taratibu. Na hangeniambia.

Prefe alichomoa kijiko chake kwenye tundu la kufuli.

— Basi kisanduku kikae kwake. Mu chumba ya mama kila mutu anaingiaka. Weye, Amandine, batoto. Mwenye kutafuta wifi amusalimie kwanza.

— Na moto ya betri, umeme, itafikaje kule? aliuliza Azarias.

— Nitavuta waya, alisema Niyongabo. Kabo ya Amandine nayo itatoka kule. Nachimba mfereji mwingine sasa hivi. Ukuta bado haujafungwa.

Wakati huo Nyirabahizi alikuwa akivuka njia, polepole, simu imefungwa kwenye kona ya kitambaa. Tulisimama. Satelite alimshika mkono.

— Mwiriwe, mama.

— Mwiriwe, batoto bangu.

Alipoketi, Azarias alichuchumaa mbele yake na kumwonyesha ramani: hapa chumba chako, hapa kisanduku, mvua inyeshe isinyeshe utamwona Uwamahirwe. Mama alifurahi. Aliomba aonyeshwe tena. Kisha akapitisha kiganja juu ya ubao tuliokalia, mlango wa zamani wa nyumba ya mwanawe, na akauliza:

— Na nikiongeleaka mu nyumba, huku nitakujaka kufanya nini?

Satelite aliinamia tairi la pikipiki yake. Prefe alirudisha kijiko chake kwenye tundu la kufuli. Ornella aliinamisha birika lote. Ilitoka kahawa nusu kikombe, ya mwisho, na akampa mama.

Azarias alichukua penseli. Kwenye ramani, nje ya ukuta, ng'ambo ya njia, alichora mstari mfupi juu ya matofali: kibao chetu.

— Niyongabo, alisema. Tiyo isiishie ku kitanda ya mama. Ifike mpaka ku dirisha ya njia. Kisanduku kiangalie huku, wifi ivuke njia mpaka ku kibao.

Simu ya mama ikaita. Prefe akazima redio, nasi sote tukageuka kutazama njia.