Waliokaa Chini ya Sakafu

Basi lilikuwa likipanda kwenda vijiji vya Wabunun, wenyeji wa milimani, na Dahu alikaa nyuma, sururu katikati ya magoti. Alikuwa ameajiriwa kuinua mawe ya sakafu ya nyumba moja ya zamani. Ya nani, hakuuliza.

Kwenye kiti cha mbele yake bibi mmoja alikuwa akimsimulia abiria mwenzake, mwanamume wa makamo. "Watu wa serikali wanataka ushahidi kwamba kule juu ni kwetu. Nimewaambia nyanya yangu yuko chini ya sakafu, kakalishwa magoti kifuani, kama tulivyowazika wote. Sasa wanasema wafukue wamwone."

"Waache wafukue, mama. Kijijini kwetu tulikubali, hati ya ardhi tukapata."

"Na wazee wenu wako wapi?"

Mwanamume akageukia dirisha. "Mjini, kwenye masanduku. Bado wanapimwa."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Basi mna hati ya nyumba isiyo na wenyewe."

"Na wewe utabaki na nyanya asiye na nyumba. Ukiwazuia leo, kesho wanaweka uzio."

Dahu aliona wote wawili wana haki, jambo ambalo halikumsaidia hata kidogo.

Basi likasimama. Bibi akainuka, akageuka, macho yakatua kwenye sururu.

"Unakwenda kulima wapi, mwanangu?"

"Mbele kidogo, mama," alisema Dahu, ingawa kituo chake kilikuwa hicho hicho.