Sifuri za Binti wa Seremala

Mwaka juzi mtaani walisema binti wa seremala amerukwa na akili, anajaza sifuri kurasa nzima. Na mimi nina binti anayependa hesabu, kwa hiyo maneno hayo yalinikaa rohoni.

Jana kwenye basi niliketi nyuma ya seremala mwenyewe. Aliyeketi kando yake, mwalimu asiyemjua, alikuwa akisahihisha mitihani mapajani. Seremala akampa daftari la binti yake. Mwalimu akahesabu sifuri kwa ncha ya kalamu.

"Mzee wangu, huu si wazimu. Amechukua umbali ambao mwanga unasafiri mwaka mzima, akaugeuza kuwa femtomita, kipimo cha kiini cha atomi. Lazima sifuri zijae kila mstari. Na amepata."

"Amepata?" Seremala alicheka, kicheko cha msibani. "Futi yangu ya kupimia mbao inaishia mita tano, mwalimu. Ningejuaje? Nilimtoa shule. Madaftari mengine niliwashia jiko."

"Mrudishe."

"Mwaka wa pili huu. Nimemnunulia kalamu, hajaigusa. Nikiingia, anatoka."

"Mrudishe hivyo hivyo, mzee."

"Nimrudishe nani? Yule aliyeandika haya hayupo tena."

Basi likasimama, mwalimu akashuka. Mimi niliyeishia darasa la saba nikatazama dirishani.

Wazazi wenzangu, tujiepushe na haya:
Kuchoma daftari la mtoto.
Kumwita kichaa kwa kitu tusichokielewa sisi.
Kuwasikiliza majirani kabla ya mwalimu.
Kukaa naye nyumba moja bila kumuuliza, "Mwanangu, hii ni nini?"