Siku Kumi na Moja za Bosi wa Kitanda cha Nne

Mtoto tunayemzika leo alizaliwa Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, katika hospitali kuu. Alikuwa mtoto wa pili wa baba yake, fundi seremala, na mama yake, mshonaji nguo. Alitangulia siku zake kwa wiki sita, akiwa na uzito wa kilo moja na gramu mia tisa. Mapafu yake yalihitaji msaada kidogo, kwa hiyo alipelekwa chumba cha watoto wachanga, kitanda cha nne. Baba yake alimwita Bosi, kwa kuwa alipolia watu wazima watano walisimama.

Shule hakwenda. Alijifunza kunyonya, siku ya tatu, na mwalimu wake alikuwa bibi mzaa baba, aliyemhimiza mkwewe, "Mpe, usimwonee haya! Mwanamume huyu ana njaa."

Hakuoa, ingawa bibi alikwisha kumchukua. Alimwita "mume wangu" tangu siku ya kwanza. Muuguzi akimwambia, "Bibi, mumeo amelala," yeye hujibu, "Mchana wote analala, mimi nitalindwa na nani?" Chumba kizima kilicheka, hata akina mama waliokuwa wakilia.

Jumamosi, tarehe 7, alikataa ziwa. Kufikia jioni tumbo lilikuwa limevimba na ngozi imekuwa ya kijivu. Alitolewa damu ikapimwe, akaanzishiwa sindano za aina mbili. Hazikufanya kitu. Majibu yalirudi Jumatano, na daktari wa zamu aliwaita baba na bibi pembeni.

"Ana maambukizi kwenye damu," alisema. "Vijidudu vyenyewe ni sugu. Tumevijaribu kwa dawa saba, sita havizisikii."

"Usugu huo vimeupata wapi?" bibi aliuliza. "Mtoto ana siku nane. Hajameza hata kidonge."

"Humu humu, mama. Wodini dawa ni nyingi, na vijidudu vimezizoea. Vinapita kwenye mikono yetu."

Dawa ya saba haikuwepo hospitalini. Baba aliipata Alhamisi mchana, katika duka la tano, akarudi nayo akikimbia, na mtoto akachomwa siku hiyo hiyo.

Alhamisi hiyo hiyo bibi alikuwa kwenye sinki la mlangoni, ambako kila anayeingia lazima anawe. Amefanya kazi ya kuosha vyombo katika jiko la shule kwa miaka ishirini na miwili, na pua yake haidanganyiki. Alinusa viganja vyake baada ya kunawa, akavinusa tena. Kisha akamwita mama wa usafi.

"Mwenzangu, hii chupa ya sabuni huoshwa lini?"

"Haioshwi. Haijawahi kuisha."

"Haijawahi?"

"Ikifika nusu tunaongeza sabuni na maji. Mkaguzi akija lazima aikute imejaa, kwenye fomu yake anaweka alama."

"Tangu lini?"

"Mimi mwenyewe niliikuta."

Bibi aliifungua, akaimimina sinkini. Mwanzo ilitoka sabuni. Halafu ukatoka utelezi mzito wa kijani, unavutika kama kamasi, na harufu ya maji ya maua yaliyosahaulika. Kwenye kuta za ndani za chupa utando ulikuwa umeshika, mnene kama utando wa maziwa yaliyopoa. Mama wa usafi aliziba mdomo. Mama wa kitanda cha pili, aliyekuwa nyuma akisubiri zamu, aliitazama mikono yake, akakimbilia nje kutapika. Kwa siku kumi sisi sote tulikuwa tunajipaka uchafu ule, tunausugua vizuri hadi kwenye kucha kama picha ya ukutani inavyoelekeza, kisha tunakwenda kuwashika watoto.

Saa kumi jioni palikuwa na chupa mpya, imejaa. Ile ya zamani ilitupwa bila kupimwa. Kwa sababu hiyo wasifu huu hausemi kwamba chupa ndiyo iliyomuua. Unasema kilichotoka ndani yake.

Alifariki Jumamosi, tarehe 14 Juni, saa nane na robo mchana, kifuani kwa mama yake. Wiki hiyo walikwisha kufariki mtoto wa kitanda cha kwanza na wa kitanda cha sita.

Jana muuguzi mkuu alikuja nyumbani kutoa pole. Alikaa kwa adabu, akanywa maji, kisha akaomba tuandike tu kwamba marehemu alizaliwa kabla ya wakati. "Tusilichafue jina la hospitali, mama. Wanawake wataogopa, watajifungulia majumbani."

"Mwanangu," bibi alimwambia, "katika yote yale, unachoogopa kuchafuka ni jina? Wanawake waje. Nyie ndio muogope."

Baba mtu aliulizwa kama tuandike au tuache. Alisema tuandike.

Marehemu ameacha baba, mama, dada wa miaka minne aliyemwona kupitia dirisha tu, shangazi mmoja, na bibi, ambaye leo anamzika mume. Mama wa kitanda cha pili hayupo nasi. Bibi amemkataza kuja. Amemwambia abaki pale kitandani, na kila atakayenyoosha mkono, awe daktari au nani, amuulize kwanza amenawa kwa sabuni gani. Hadi saa moja asubuhi ya leo mwanawe alikuwa akipumua vizuri, na amenyonya mara mbili.

Bosi wetu apumzike kwa amani. Na huyo wa kitanda cha pili, Mungu amfikishe nyumbani.