Bartulu Carrega na Mvua ya Kwanza

Padri, wanaume wa Udugu wa kanisa hili mliovaa kanzu zenu nyeupe, majirani wa mji wa juu na ninyi wa bandarini mliopanda mteremko kwa miguu, historia hii ya marehemu nimepewa mimi niisome kwa sababu aliyebaki anayemjua marehemu tangu utotoni ni mimi tu, mdogo wake, Nunziata, na kwa kuwa shule niliishia ya msingi mtanivumilia, nimeiandika mwenyewe na sikumpa mtu airekebishe, maana najua angeanza kufuta wapi.

Kaka yangu Bartulu Carrega alizaliwa Jumatatu tarehe 24 Agosti 1936, sikukuu ya Mtakatifu Bartolomayo, na jina akapewa hilo hilo bila mtu kuumiza kichwa, katika nyumba yetu ndani ya ngome ya Bonifacio, upande wa maporomoko, ambako ukifungua dirisha la jikoni chini yako hakuna ua wala mtaa, kuna jabali jeupe la chokaa lililoliwa na mawimbi na ng'ambo ya maji unaiona Sardinia. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mwashi Silvestru Carrega na mama yetu Faustina, mimi nikafuata mwaka 1938, na baada yangu mama alisema wawili wanatosha kwa mtu anayepanda ngazi zile kila siku na mtungi.

Alisoma shule ya wavulana hapa mjini kuanzia Oktoba 1942 hadi Juni 1950 akapata cheti chake, na mwalimu alimfundisha wafalme wa Ufaransa kwa mpangilio wao, lakini habari za mji huu alifundishwa na baba juu ya jukwaa la ujenzi, jinsi watu wa Genoa walivyotupandisha huku juu na kutuzungushia kuta, jinsi mfalme wa Aragoni alivyotuzingira mwaka 1420 miezi na miezi akitusubiri tufe kwa kiu, na baba alimwambia kwamba kuta wageni wanazozipiga picha ni nusu ya ngome, nusu nyingine iko chini ya miguu yetu, ni mabirika, matangi ya maji yaliyochimbwa kwenye jabali, kwa kuwa mji uliojengwa juu ya jabali lisilo na mto unakunywa kile paa zake zinachokamata.

Nasema haya kwa ajili ya vijana waliokuta mabomba, wanaodhani yale matao yanayovuka vichochoro yanazuia nyumba zisiangukiane. Matao yale yanabeba mifereji, mvua inatoka paa hadi paa na kushuka kwenye birika, na birika letu lilikuwa la nyumba tatu, yetu, ya kina Meglia na ya mjane mmoja aliyekufa zamani, na sheria yake kila mtoto aliijua kabla ya Baba Yetu: mvua ya kwanza baada ya kiangazi hainywewi. Mvua hiyo inaosha paa tu, inakuja na vumbi la miezi mitano na kinyesi cha shakwe na njiwa, basi nyumba yenye zamu inapanda juu, inaliondoa jiwe linaloziba tundu la mfereji, maji yote yanamwagika kichochoroni mpaka vigae vitakate, ndipo jiwe linarudishwa.

Kwenye historia za marehemu hapa huwa tunaruka, tunakwenda moja kwa moja kwenye kazi. Leo siruki.

Jumamosi tarehe 2 Oktoba 1954 zamu ilikuwa yetu. Baba na Bartulu walikuwa wanaziba ufa kwenye ukuta wa upande wa pili wa mji, mama alikuwa kwa binamu yetu aliyekuwa anaolewa saa kumi jioni ile, na nyumbani nilibaki mimi, wa miaka kumi na sita, na nywele nilizozikunja kwa koleo la moto tangu asubuhi. Mvua ilianza saa nane. Niliisikia, sikuwa nimelala wala sikuwa mbali, nilikuwa mbele ya kioo, nikajiambia ni manyunyu yatapita, na yalipokuwa mvua kamili nikajiambia nikipanda sasa nywele zitalala kama za mbwa aliyeanguka bandarini, nikakaa. Bartulu alikuja mbio kutoka upande wa pili wa mji akidhani nimesahau, akapanda, akaliondoa jiwe, lakini maji ya kwanza yalikuwa yameshashuka, na jirani aliyekuwa anaanua nguo alimwona amesimama juu ya paa, amelowa, jiwe mkononi.

Alitaka kwenda palepale kuwaambia kina Meglia wasichote, birika lisafishwe. Nilimshika shati. Nilimwomba angoje Jumatatu, harusi ipite, nisiaibike mbele ya ukoo mzima, na Jumatatu tulipochota maji yalikuwa meupe kwa macho, tukasema basi. Sehemu hii ya kosa ni yake pia, na alikuwa akiniambia nisije nikaiondoa.

Siku ya kumi na mbili homa ya matumbo iliingia nyumba ya kina Meglia. Tarehe 9 Novemba 1954 alikufa Letizia Meglia, wa miaka minne, mdogo wake Divota aliyekaa pale benchi la mbele upande wa kushoto, na daktari akasema ni maji ya birika. Wazee walikuja nyumbani kuuliza nani alikuwa na jiwe. Jirani alikwisha sema aliyemwona. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha mama, na Bartulu hakunitazama, alisema, "Nilichelewa. Ni mimi." Baada ya wao kutoka nilimfuata ngazini nikilia, akaniambia, "Nyamaza. Wewe msichana, hutaolewa mji huu. Mimi watanisahau baada ya Pasaka."

Hamkumsahau. Pasaka iliyofuata jina lake lilifutwa kwenye kitabu cha Udugu, akavuliwa kanzu aliyoivaa tangu ana miaka kumi na minne, na tangu hapo Ijumaa Kuu sanamu zikipita kichochoroni kwetu alisimama mlangoni kama mtalii. Mchumba wake alirudisha pete kwa mkono wa shangazi. Mlimwita Mchafua Maji, wengine mkimtania birikani na kilabuni kama mtani, muulizeni Bartulu kama divai hii imeonja paa, na yeye alicheka nanyi, nami nilicheka nanyi pia mara moja, mwaka 1959, mbele ya watu wa mume wangu, na hilo sikuwahi kumwomba radhi.

Jeshini alipelekwa Algeria kuanzia Machi 1957 hadi Juni 1959, hakusimulia. Aliporudi aliajiriwa na halmashauri ya mji kuwa mwashi wa kuta tarehe 1 Februari 1961, akastaafu tarehe 31 Agosti 1996, na katika miaka hiyo hakuna jiwe la ngome hii ambalo hakuliwekea mkono, lango la kale, ngome ya bendera, hata zile ngazi mia moja na themanini na saba zilizochongwa kwenye jabali, ambazo wageni huambiwa askari wa mfalme wa Aragoni walizichonga kwa usiku mmoja. Bartulu akisikia hivyo aliacha kazi akamfuata mwongozaji wa watalii mbele ya watu wake. "Mimi nimekarabati thelathini kwa miezi minne, na nilikuwa nakula vizuri," alisema. "Waliozichonga ni watu wa hapa, polepole, wakifuata maji." Kila mwaka mvua ya kwanza ikinusa tu, alipanda juu ya paa zenu, mji mzima, bila kuitwa na bila asante, akaondoa mawe yote, na wengi wenu mlikunywa maji safi miaka ishirini kwa mkono wa mtu ambaye hamkumpa kiti.

Mke aliyempata alitoka ng'ambo ya maji, marehemu Grazietta Sanna wa Santa Teresa, walifunga ndoa tarehe 18 Mei 1963 kule kwao, na upande wetu tulikwenda watu watatu. Grazietta aliambiwa habari ya maji na wanawake wa hapa wiki ya kwanza, sokoni, akajibu kwamba kwao mtu anayekiri kosa hupewa chakula, akarudi nyumbani akampikia biringani za jibini, na mpaka anafariki mwaka 2009 hakujua kwamba mumewe alikuwa anakiri la mtu mwingine. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Pasqualina, muuguzi kule Ajaccio, ambaye ameijua habari hii jana mchana kutoka mdomoni mwangu, na amenisikiliza akiwa amesimama.

Mtaniuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa hapa hapa. Nilimwahidi nitasema nikishaolewa, nikaolewa mwaka 1958, nikasema ngoja nizae, nikazaa, nikasema ngoja mwanangu apate komunyo, ngoja binti apate mchumba, ngoja mama afe asije akafa kwa aibu, na mama alikufa mwaka 1984 nami nikaendelea kungoja. Mwaka ule ule, tukiwa tunakunja nguo za mama, nilimwambia tena nitasema, akanijibu bila hasira, "Nunzia, wewe kila mwaka una harusi." Hakunigusia tena.

Ugonjwa wake ulikuwa wa mapafu, vumbi la chokaa la miaka arobaini na sita, ulianza kumsumbua mwaka 2017, akalazwa mara tatu, na mara ya mwisho aliomba arudishwe nyumbani. Wiki iliyopita mvua ya kwanza ilipopiga dirisha aliuliza kama jiwe limeondolewa, nikamwambia limeondolewa, ingawa mfereji ule umezibwa kwa saruji tangu bomba lije, na huo ndio uongo wangu wa mwisho kwake. Alifariki Alhamisi tarehe 14 Oktoba 2021, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mitano.

Sasa gari la maiti linasubiri kwenye lango, kwa sababu ambaye jina lake halimo kitabuni habebwi mabegani mwa Udugu hadi makaburini kwenye ncha ya jabali. Hiyo ni sheria yenu na siipingi. Ninachosema, mbele ya maiti na mbele ya Divota, ni kwamba mlimfuta mtu asiye mwenye kosa. Mwenye kosa alikuwa na nywele nzuri siku ile. Prosperu, mkuu wa Udugu, kitabu unacho sakristia, nakuomba uandike jina la Bartulu Carrega mahali lilipokuwa, na la kwangu uliandike popote mnapoandika ya watu kama mimi.

Jana asubuhi, kabla ya Pasqualina, nilikwenda kwa Divota. Alikuwa anamenya maharage, hakuacha. Nilipomaliza alimenya mpaka ganda la mwisho, kisha akasema, "Usiniletee haya jikoni, dada Nunzia. Yeye alitukanwa mbele ya watu." Niliuliza kama atanisamehe. "Sijui," akasema. "Yeye nilikuwa namkwepa njiani miaka sitini na saba. Kwanza nimalizane na yeye."

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliomhudumia, waashi wenzake wa halmashauri waliojenga upya kaburi la Grazietta ili alale ubavuni mwake na wakakataa hata kahawa, majirani waliotuletea mkate wa walnuti na kutuazima viti, na mwongozaji wa watalii aliyefunga kazi leo akaja, ambaye Bartulu alimkatiza mara nyingi kuliko mtu yeyote.

Divota ameomba kutembea nyuma ya jeneza, iwe mnalibeba ninyi au linabebwa na gari. Hapo ni mahali pa ndugu wa damu, na Pasqualina amekubali watembee wawili. Mimi nitatembea mwisho, baada ya watu wote. Lala, Bartulu, upumzike, kazi ya kunificha imekwisha. Nimemaliza kusoma. Prosperu, tunakungoja wewe.