Haijaiva: Maisha ya Marcelline Nabintu Cirhuza, 1971–2025

Wasifu unaosomwa na mdogo wake, Hénock Cirhuza, kwa niaba ya familia

Marcelline Nabintu Cirhuza alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika mtaa wa Kadutu, Bukavu. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Déogratias Cirhuza, karani wa posta, na mama Véronique M'Rugamba, aliyeuza unga wa muhogo sokoni. Kabla mama hajanunua gunia, alimwita binti yake aonje. Mtoto alichovya kidole, akalamba, akatikisa kichwa kukubali, au akatema. Alipokuwa na miaka saba alitema juu ya viatu vya mwenye gunia, baba mmoja mnene aliyechanganya chokaa ndani ya unga. Mama yake alimpiga kofi kwa utovu wa adabu, kisha akamgeukia yule baba akamwambia abebe gunia lake aondoke. Marcelline alilisimulia kofi hilo hadi ukubwani, na kila mara alisema lilikuwa la haki, kwa kuwa viatu havikuwa na kosa.

Alisoma shule ya msingi Kadutu, akaendelea katika lise, yaani sekondari, ya wasichana mjini Bukavu, sehemu ya biolojia na kemia, na mwaka 1990 akajiunga na kitivo cha famasia mjini Kinshasa. Migomo na vita vilimkatiza mara mbili. Alihitimu mwaka 1998, akarudi Bukavu na kufungua famasia ndogo karibu na soko alilokulia.

Hapo ndipo Jacques Bahati, fundi cherehani, alipoingia kuomba dawa ya kuongeza nguvu. Marcelline alimtazama machoni na ulimini, akamwambia, "Papa, wewe hauna ugonjwa. Kunywa maji, ulale." Jacques alirudi kesho yake, akiwa amelala vizuri, akauliza kama kuna dawa ya mtu asiye na ugonjwa. Walifunga ndoa tarehe 5 Agosti 2000. Mungu aliwapa watoto watatu: Shekinah, Chris na Héritière.

Mwaka 2006 familia ilifika Johannesburg, Afrika Kusini, na kupanga chumba katika mtaa wa Bertrams. Vyeti vyake havikutambuliwa haraka, naye hakukaa kusubiri. Kwa miaka saba alisuka nywele. Wateja wake wanakumbuka kwamba alinusa kila kopo la mafuta ya nywele kabla ya kulitumia, na kwamba makopo mengi yaliishia nje ya dirisha.

Mwaka 2013, vyeti vilipotambuliwa, aliajiriwa kama mfamasia na kampuni moja iliyokuwa ikitafiti dawa za asili za Kichina katika karakana ya zamani huko Jeppestown. Lengo lilikuwa kuzigeuza dawa za kuchemsha kuwa vidonge vya unga ndani ya ganda, vyenye kipimo kimoja, kuzijaribu kwa watu, na kuona kwa ushahidi zipi zinatibu. Marcelline aliipenda kazi hiyo kuliko zote alizowahi kufanya. Aliyemfundisha ni mzee Gao, mtaalamu wa mizizi. Kila mzizi walioupima kwa mashine waliuonja pia, na walikubali matokeo pale tu ulimi na mashine viliposema neno moja.

Kulikuwa na mzizi mmoja mweusi wa kutuliza maumivu ya viungo. Ukiwa mbichi ni sumu ya moyo. Sumu hupungua kwa kuchemshwa muda mrefu bila moto kukatika, na kipimo cha wazee wa kazi hiyo ni kuuweka kwenye ncha ya ulimi: ulimi ukifa ganzi, mzizi haujaiva. Mzee Gao alipostaafu mwaka 2019 alimwachia Marcelline chungu chake cha udongo. Jacques alikatazwa kukipikia maharage, na hadi leo hajathubutu.

Mwaka 2022 ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme. Jiko la maabara lilizimika katikati ya kuuchemsha mzizi huo, likawaka, likazimika tena, na meneja akaamuru muda wote uhesabiwe kana kwamba moto haukukatika. Vidonge vya kwanza vya majaribio vilipokamilika, wageni wenye mitaji walikuja kuviona kutoka Sandton, mtaa wa matajiri. Marcelline alifungua kidonge mbele yao, akaweka unga ulimini, akasubiri, kisha akatema kwenye sinki.

"Haijaiva," alisema. "Ulimi wangu umekufa ganzi."

Mkurugenzi wa kampuni aliwachekea wageni kana kwamba anamwombea radhi. "Mama, sisi ni watu wa sayansi. Hatupimi kwa ulimi."

"Basi pima kwa mashine."

"Hakuna muda."

"Kama hakuna muda wa ulimi na hakuna muda wa mashine, sayansi hapa ni ipi, baba? Suti?"

Mgeni mmoja alikohoa. Marcelline alivua koti jeupe, akasema jina lake lisiwekwe kwenye dawa hiyo, akaenda nyumbani kwa miguu. Aliamini kwamba bila sahihi ya mfamasia hakuna atakayemezeshwa kitu. Hilo ndilo kosa alilojilaumu kwalo hadi mwisho, ingawa halikuwa lake: aliwadhania watu hao kuwa na aibu.

Vidonge viligawiwa. Walioitwa kuvijaribu walikuwa wanaume wa hosteli za Jeppestown na walinzi wa usiku, watu wanaosimama mpaka magoti yanawaka. Mmoja wao alikuwa Firmin, wa kanisani kwao Bertrams, mlinzi wa mlango wa benki. Siku ya tatu midomo yake ilianza kuwasha na moyo ukawa unaruka mapigo. Alipelekwa hospitali, akapona kwa shida.

Marcelline alikwenda kumwona. Firmin alitoa boksi chini ya mto. "Mimi nilimeza kwa sababu yako, Mama Shekinah," alisema. "Niliona jina lako. Nikasema, yule mama hatupi sumu." Ubavuni mwa boksi paliandikwa kwamba dawa imehakikiwa na mfamasia M. N. Cirhuza.

Wakati wa kurudi, gari liliposimama kwenye robot, taa za barabarani, Marcelline alimwomba dereva afungue mlango. Alishuka, akatapika kando ya barabara, akapanda tena. Dereva alimuuliza kama ana mimba. "Nina jina," alijibu, "na kuna mtu amelala nalo bila ruhusa yangu."

Tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu: jina lake litolewe. Hakuichukia tiba ya Kichina. Wanaotaka kumtumia kwa hilo wakome. Alikumbusha kila mara kwamba kipimo kilichomfichulia uovu ule kilitoka kwa mtaalamu wa Kichina. Kilichomtia kinyaa ni watu walioichukua elimu ya watu wengine, wakaacha subira yake yote nje, wakabaki na boksi. Alitoa ushahidi mbele ya wakaguzi wa dawa, na majaribio yakasimamishwa. Kampuni ilibadilisha jina la dawa na rangi ya boksi, ikaiingiza sokoni. Jina la Marcelline hawakulibadilisha. Walipoulizwa walisema maboksi yameshachapwa.

Mwezi wa Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alitibiwa kwa upasuaji na dawa za hospitali, akanywa chai ya tangawizi kwa sababu aliipenda, na akamkataza yeyote kuiita tiba. Watu wa kanisani walimtembelea kwa wingi. Mmoja, Carmel, alikuja na boksi jipya, la kijani, kwa moyo mweupe kabisa.

"Chukua, yaya, dada yangu mkubwa. Hii iko ya asili, haina makosa. Hata jina lako iko hapa!"

Marcelline aliomba ainuliwe kwenye mto. Alifungua kidonge kwa vidole vilivyokonda, akaweka unga kwenye ncha ya ulimi, akafumba macho. Héritière alimshikia bakuli. Alitema.

"Haijaiva," alisema. "Miaka mitatu, na hawa watu hawajajifunza kuchemsha."

Carmel alilia, Marcelline akacheka, kisha wote wawili wakacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Usiku ulipoingia alimshika Jacques mkono. "Nikifa," alimwambia, "watakuja kunisifu. Usiwaruhusu."

Alifariki tarehe 9 Septemba 2025, nyumbani kwake Bertrams, akiwa amezungukwa na familia yake.

Walikuja kumsifu. Kabla karatasi hii haijapelekwa kuchapwa, shada kubwa la maua lilifika matangani kutoka kwa kampuni, na kadi inayomwomboleza "mtafiti mwenzetu mpendwa aliyeihakiki dawa yetu". Walioleta waliomba maneno hayo yasomwe makaburini na wapige picha. Chris, ambaye Kiswahili anakielewa kuliko anavyokisema, aliuliza, "Eish, hawa watu hawana haya?" Jacques alilibeba shada mwenyewe hadi getini, akaliweka nje, akanawa mikono kwa sabuni.

Kwa hiyo familia inasema hapa, mbele ya Mungu, mbele ya kaburi na mbele ya yeyote aliyetumwa kusikiliza: Marcelline Nabintu Cirhuza hakuihakiki dawa ile. Aliionja mara mbili na mara mbili aliitema. Mwenye boksi nyumbani asimeze kwa sababu ya jina lake.

Ameacha mume, Jacques Bahati, watoto, Shekinah, Chris na Héritière, mjukuu mmoja, mdogo wake Hénock, na mama yake mzazi, mama Véronique, aliye Bukavu na ambaye hakuweza kusafiri. Alipopigiwa simu aliuliza kama mwanawe alikula vizuri siku za mwisho. Jeneza linabebwa na ndugu, na mbele kulia anabeba Firmin, aliyeomba nafasi hiyo mwenyewe.

Mama Shekinah apumzike kwa amani, na jina lake libaki pale kwenye msalaba wake, lilipoandikwa na watu wake.